Vita vya 1916 mezani: vifuniko vya chupa, punje za maharagwe na njia ya Ruzizi hadi Tabora

BUKAVU – Kutoka Nyalukemba hadi daraja la Ruzizi ya Kwanza si safari ndefu. Wamama wanaovuka kila asubuhi na mizigo kichwani wanaijua kwa hatua zao, na wanajua pia nani atawauliza karatasi upande huu na nani upande ule. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, mahali hapo hapo palikuwa mstari wa vita. Wabeligiji walikuwa na kambi yao Nyalukemba, kabla mji huu haujapewa jina la Costermansville, na mbali kabla haujarudishiwa jina la Bukavu. Ng'ambo ya mto, Shangugu, walikaa Wajerumani. Mwezi wa Aprili 1916 jeshi la Wabeligiji lilivuka Ruzizi, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo likaingia Tabora, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa hata ukipima kwa mstari ulionyooka.

Vita hivyo wazee wengi wanaviita tu 14-18. Shuleni vinapewa nusu ukurasa. Lakini kuna watu, wengi wao Ulaya na Marekani, wanaovicheza mezani hadi leo, kwa sanamu ndogo za askari zenye urefu wa kidole kimoja. Wanawapaka rangi, wanawapanga juu ya meza yenye vilima vya karatasi na mito ya rangi ya bluu, kisha wanapigana kwa dadu na rula. Zamani sanamu hizo zilitengenezwa kwa risasi. Kiswahili kinalitumia neno hilo moja kwa madini na kwa kitu kinachotoka kwenye bunduki, hivyo mtu anaweza kusema askari wa risasi bila kukosea upande wowote.

Ni mchezo, ndiyo. Lakini ndani yake kuna swali ambalo linawahusu watu wa Kivu kuliko wanavyodhani, hasa familia zilizowahi kufunga mizigo usiku na kutembea.

Michezo hii iko ya namna mbili. Katika ya kwanza, sanamu moja ni mtu mmoja. Wachezaji wanaweka askari kumi au ishirini kila upande, na kila mmoja ana nafasi yake: huyu amejificha nyuma ya mti, yule bunduki yake imekwama. Hayo ni mapambano madogo, ya doria kukutana na doria. Katika namna ya pili, sanamu moja inasimama badala ya watu ishirini, hamsini au mia, na mchezo mzima ni vita vikubwa vya maelfu. Wachezaji wengi huanza na ile ya kwanza kwa sababu ni rahisi na inapendeza. Kisha hamu inawashika: kwa nini sheria hizi hizi, walizozizoea, wasizitumie kwa vita vikubwa? Hapo ndipo taabu inapoanza.

Taabu ya kwanza ni ya kupima. Katika mapambano madogo, bunduki inaweza kupiga karibu meza nzima. Ukiongeza ukubwa wa uwanja bila kugusa kanuni hiyo, utajikuta na askari aliyesimama Nyalukemba anampiga mtu aliyeko Kamembe. Kwa hiyo mwendo wa risasi lazima ufupishwe mpaka ubaki upana wa vidole viwili. Saa nayo inabadilika. Zamu moja katika mchezo mdogo ni dakika moja au chini yake. Katika vita vikubwa inabidi iwe nusu saa au saa nzima, la sivyo wachezaji watakesha mezani na jua la vita halijafika utosini.

Taabu ya pili ni ya kujua nani anaona nini. Mchezaji anaona meza yote kama tai. Jemadari wa kweli haoni hivyo. Luteni wa Prussia aliyeitwa Georg Heinrich von Reisswitz alilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1824 alitoa mchezo wa vita kwa ajili ya maofisa, uliochezwa juu ya ramani iliyochorwa kwa kipimo cha moja kwa 8,000. Badala ya sanamu za watu alitumia vipande vidogo vilivyowakilisha vikosi, zamu moja ikawa dakika mbili, na katikati akaweka mwamuzi. Mchezaji aliandika amri, mwamuzi akaipeleka, na ilichukua muda kufika kama vile mjumbe wa farasi angechukua muda njiani. Adui aliyejificha nyuma ya kilima hakuwekwa kwenye ramani mpaka mtu amwone.

Mmarekani Larry Brom naye, mwaka 1979, alitoa kanuni za vita vya kikoloni zilizopata wapenzi wengi. Humo hakuna zamu ya huyu kisha ya yule. Karata zinachanganywa na kufunuliwa moja moja: nyekundu, upande mmoja unasogeza kikosi, nyeusi, upande wa pili. Mtu hajui kama kikosi chake kitapata nafasi kabla ya kile cha adui. Ni dawa nzuri kwa mchezaji anayedhani jemadari anaamrisha na kila kitu kinatii.

Taabu ya tatu ndiyo yenyewe, na aliyeigusa wazi ni mtu ambaye hakuwa mwanajeshi. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha mwaka 1913 kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, cha kucheza vita sakafuni kwa sanamu za watoto na mzinga wa chemchemi unaorusha vijiti vya mbao. Mchezo wake ulikuwa wa furaha, wa alasiri moja. Lakini mwishoni mwa kitabu aliongeza sehemu ya kueleza jinsi mchezo huo mdogo unavyoweza kukuzwa ufae kwa mafunzo ya wanajeshi. Na alipoanza kuukuza, ghafla akalazimika kuandika mambo ambayo sakafuni hakuyahitaji: magari ya kubebea, na chakula. Baada ya zamu kadhaa mchezaji alitakiwa kutoa pakiti za chakula kulingana na idadi ya askari wake, na majani ya farasi.

Askari ishirini wanaopigana kwa saa moja hawahitaji kula. Elfu kumi wanaotembea miezi mitano wanahitaji. Mwaka mmoja baada ya kitabu hicho, vita vya kweli vilianza, na katika sehemu yetu ya dunia farasi na ng'ombe wa mizigo hawakuweza kufanya kazi hiyo kwa sababu mbung'o na magonjwa viliwamaliza. Mizigo ikapanda juu ya vichwa vya watu.

Kabla ya kufika kwenye mizigo hiyo, inafaa kusema kwamba hata jeshi la Wabeligiji lenyewe lilikuwa na taabu ile ile ya wachezaji. Force Publique haikuundwa kwa vita vikubwa. Ilikuwa jeshi la makombania yaliyotawanyika nchi nzima, kila moja katika posta yake, kazi yake kulinda amri ya mkoloni, kukusanya kodi kwa nguvu na kuzima maasi. Ofisa wa posta alijua kuongoza watu mia. Hakuwahi kuongoza elfu tano, wala hakuwahi kupokea amri kutoka kwa mtu aliye umbali wa siku tisa.

Vita vilipofika Kivu, mwanzoni vilikuwa vya kipimo hicho kidogo. Tarehe 24 Septemba 1914 Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi. Mwaka 1915 bonde la Ruzizi lilijaa doria na mashambulizi ya ghafla, kama yale ya Luvungi. Mchezaji anayetaka kucheza mwaka huo hana haja ya kubadili chochote. Achukue sanamu ishirini, aweke mto katikati na matete kando, basi. Sanamu moja, mtu mmoja. Kombania nyingi za Wajerumani zilianza vita zikiwa na bunduki za kizamani, za muundo wa mwaka 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mwingi. Katika mchezo mdogo moshi huo ni jambo kubwa: askari anapiga mara moja, na kila mtu ameona alipo. Katika mchezo mkubwa unapotea ndani ya tarakimu.

Kisha Jenerali Charles Tombeur akaanza kazi ya kukusanya. Makombania yakaunganishwa kuwa mabatalioni, mabatalioni yakawa rejimenti nne, na rejimenti zikawa brigedi mbili. Brigedi ya Kaskazini alipewa Molitor. Brigedi ya Kusini, iliyokaa upande wetu wa Ruzizi, alipewa Olsen, ambaye alikuwa Mdenmark, raia wa nchi ambayo haikuwa vitani kabisa. Askari kwa jumla walikuwa zaidi ya elfu kumi. Kwa lugha ya mezani, Tombeur alichukua sanamu za mchezo mdogo akazibandika juu ya vibao vya mchezo mkubwa. Wakati anabandika, ilimbidi atafute mabegi, mizinga, dawa, waya wa simu. Na wapagazi.

Mtu anayetaka kuujaribu mchezo huu nyumbani hana haja ya kuagiza sanamu kutoka Ulaya. Vijana wanaocheza dama barazani Kadutu wana kila kitu tayari. Vifuniko vya chupa viwe makombania. Kifuniko kimoja kihesabiwe kuwa askari 150, na jeshi lote la Tombeur litatoshea katika vifuniko kama 70, mfuko mmoja wa mkononi. Vifuniko vya rangi nyingine viwe vya Wajerumani, na viwe vichache zaidi. Uwanja uwe mkeka au karatasi kubwa yenye miraba, kila mraba mwendo wa siku moja, tuseme kilomita 20. Dadu mbili, au karata kama za Brom. Mtu wa tatu awe mwamuzi.

Sasa wapagazi. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Wabeligiji uliwaajiri au kuwakamata wapagazi wapatao 260,000 katika vita hivyo. Hawakuwa wote njiani kwa wakati mmoja. Wengine walibeba wiki chache, wengine miezi. Wapewe punje za maharagwe, punje moja kwa watu 100. Hiyo ni punje 2,600, karibu kilo moja nzima. Vimwage kando ya vifuniko 70 na meza inabadilika sura. Askari wanaonekana kama mawe machache katika mto wa maharagwe.

Picha hiyo ndiyo iliyo karibu na ukweli wa njia zile. Mbele doria, nyuma kombania na bombomu zao, kama askari walivyoziita bunduki za rashasha, na nyuma yao mstari mrefu wa watu wenye mizigo ambao ungechukua saa nyingi kupita mbele ya kijiji. Kwa Wajerumani hali ilikuwa hiyo hiyo. Kombania moja ya Schutztruppe ilikuwa na askari karibu 160 hadi 200, Wajerumani wasiozidi 20 hivi, bombomu mbili au zaidi, na wapagazi wapatao 250. Tena nyuma ya askari walifuata wake zao, watoto, na vijana wa kuwatumikia. Kambi ya askari ilikuwa kijiji kinachotembea. Mwanamke aliyezaa njiani kutoka Kitega kwenda Tabora hana sanamu katika duka lolote la michezo.

Hesabu ya mpagazi ni rahisi, na kila mama anayepima unga ataifanya kichwani. Mzigo wake ni kilo 25 hivi. Yeye mwenyewe anakula karibu kilo moja kwa siku. Kama mzigo wake ni chakula, siku ya ishirini na tano ameumaliza peke yake, na hajampa askari hata kijiko. Kama lazima arudi nyumbani kwa chakula hicho hicho, anaweza kwenda siku kumi na mbili tu, na akifika anakuwa na mkono mtupu. Siku kumi na mbili kwa kilomita 20 ni kilomita 240. Tabora iko mara mbili ya hapo, na zaidi.

Kwa hiyo mchezaji mwenye maharagwe yake ataona jambo la kushangaza. Akiondoa punje kila zamu kwa ajili ya chakula, jeshi lake haliwezi kufika. Atasimama mahali fulani Burundi, vifuniko vyote vizima, adui hajampiga hata kimoja, na mchezo umekwisha. Njia ni mbili tu. Moja ni kujenga vituo, mpagazi huyu akampokeza yule, kila mmoja akitembea kipande chake. Hiyo inahitaji punje nyingi zaidi, na hapo msomaji anaanza kuelewa ile 260,000 ilitoka wapi. Njia ya pili ni kula chakula kilicho njiani.

Njia hiyo ya pili ndiyo ambayo kanuni za michezo huificha. Wanaandika kwamba jeshi linaishi kwa kutegemea nchi, kisha wanapita. Nchi gani? Kwenye mkeka, kila mraba ni vijiji. Kanuni ya haki ingekuwa hivi: kila mraba uanze na punje kumi za chakula. Kifuniko kikipita, kichukue punje. Kikipita cha pili, kichukue nyingine. Mraba uliobaki mtupu usijazwe tena mpaka msimu wa mavuno, na kama vijana wa mraba huo wamechukuliwa kubeba mizigo, usijazwe hata msimu ukifika, kwa sababu hakuna mkono wa kulima.

Mchezaji atakayefuata kanuni hiyo ataona nyuma ya vifuniko vyake mstari wa miraba mitupu. Hayo si mambo ya kubuni. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda, ambako majeshi yalikaa yakitazamana tangu 1914 na kisha yakapita, njaa iliyoitwa Rumanura iliua watu wengi kati ya 1916 na 1918. Ilikuja na jina lake, na jina hilo likabaki vinywani mwa watu kuliko jina la jenerali yeyote.

Turudi kwenye vifuniko. Brigedi ya Molitor ilishuka kutoka kaskazini na kuingia Kigali tarehe 6 Mei 1916. Olsen alikuwa amevuka Ruzizi na kuchukua Shangugu, kisha akageukia kusini. Usumbura ilianguka tarehe 6 Juni, Kitega tarehe 17. Wajerumani hawakusimama wapigwe. Walipigana kwa kombania moja moja, wakazuia kivuko au kilima, wakaondoka usiku. Walikuwa wachezaji wa mchezo mdogo waliobaki katika mchezo mdogo, na kwa muda mrefu iliwasaidia. Mchezaji mwenye haraka anayewakimbiza atagundua kwamba kila kilomita anayoteka inamrefushia mstari wake wa maharagwe na kuufupisha wa adui.

Mwishoni mwa Julai Kigoma ikawa mikononi mwa Wabeligiji. Wajerumani, kabla ya kuondoka, walizamisha meli yao Graf von Götzen, ile ambayo baadaye iliibuliwa na kuwa Liemba, inayojulikana na kila aliyewahi kusafiri Ziwa Tanganyika. Kigoma ilikuwa zaidi ya bandari. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika pale mwaka 1914, na kuanzia hapo Olsen aliweza kufuata reli kuelekea mashariki. Wajerumani waliharibu walichoweza, lakini hata njia ya reli isiyo na treni ni njia. Katika mchezo, mraba wenye reli uhesabiwe kuwa mwendo wa nusu siku, na mwamuzi asiwe mkarimu zaidi ya hapo.

Tabora ilikuwa ikilindwa na Jenerali Kurt Wahle, mzee aliyekuwa amestaafu jeshini na ambaye vita vilimkuta nchini akiwa amekuja kumtembelea mtoto wake. Katikati ya Septemba mapigano yalikuwa makali: Lulanguru upande wa magharibi, ambako Olsen alikuja kwa reli, na Itaga upande wa kaskazini, ambako Molitor alishuka kupitia Biharamulo. Hapa mchezo mkubwa unaonyesha faida yake. Brigedi mbili, viongozi wawili, kila mmoja anasikia mizinga ya mwenzake au haisikii kabisa, na Wahle katikati anaweza kuhamisha kombania kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa njia fupi. Mchezaji anayemiliki vifuniko vyote na kuviona vyote atashambulia pande zote mbili kwa zamu moja, na Tabora itaanguka kabla chai haijapoa. Ili mambo yawe kama yalivyokuwa, wachezaji wawili wakae vyumba tofauti na waandikiane vikaratasi, na mwamuzi avicheleweshe. Bora zaidi, kimoja akipoteze.

Wahle hakusubiri kuzingirwa. Aliondoka, na tarehe 19 Septemba 1916 Wabeligiji wakaingia mjini. Tombeur akapewa cheo cha ubaroni kilichobeba jina la Tabora. Ubelgiji, kwa nguvu ya ushindi huo, ikabaki na Rwanda na Burundi baada ya vita.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mchezo mkubwa hulipotosha, nalo ni majeruhi. Katika mapambano madogo sanamu inayopigwa inalazwa chini, na kila mtu anajua ni nani. Katika mchezo mkubwa kifuniko kikipoteza theluthi ya nguvu zake kinaondolewa mezani na kurudi mfukoni, kana kwamba watu 150 wamefutika. Lakini wengi wao wako hai, wamelala kwenye machela, na kila machela inataka watu wanne wa kubeba na wengine wanne wa kuwapokea. Kifuniko kilichopigwa kinakula maharagwe zaidi kuliko kizima. Mchezaji mwenye akili atakiacha mezani, akigeuze juu chini, na akilazimishe kurudi nyuma mraba kwa mraba kikiwa na punje zake.

Na punje zenyewe zinakufa, ingawa hakuna anayezipiga. Upande wa Waingereza, waliotumia wapagazi wengi kuliko wote, wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa walifika karibu laki moja, wengi kwa kuhara damu, homa ya mapafu na njaa, si kwa risasi. Walipewa unga ambao haukupikwa vizuri, walilala kwenye baridi ya milima waliyoizoea na wasioizoea, wakachukuliwa mbali na mahali ambapo mtu angeweza kuwazika kwa jina. Kwa hiyo kanuni ya dadu kwa punje haina adui: kila zamu tano, kila rundo la punje kumi lirushiwe dadu, na namba ndogo iondoe moja. Wachezaji hawaipendi kanuni kama hiyo. Wanasema inachelewesha mchezo na haina uhodari wowote ndani yake.

Miji imewakumbuka kwa njia tofauti. Nairobi kuna mtaa wa Kariokor na Dar es Salaam kuna Kariakoo, na majina yote mawili yametokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wabeba mizigo. Mfanyabiashara wa Bukavu anayeagiza vitenge kutoka Kariakoo anataja wapagazi wa 14-18 kila anapopiga simu, iwe anajua au hajui. Katikati ya Dar es Salaam kuna sanamu ya askari mmoja wa shaba mwenye bunduki na singe, iliyowekwa mwaka 1927. Sanamu ya aina ambayo mchezaji yeyote angeitambua. Ile ya Nairobi, ya mwaka uliofuata, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hana bunduki. Fundi aliyeichonga alifanya kile ambacho kanuni nyingi za mezani zimeshindwa kufanya: alimpa mtu wa mzigo nafasi yake juu ya kibao, kwa kipimo kile kile cha askari.

Ukingoni mwa Ruzizi, watoto wa familia zilizohama wanajua kubeba kabla ya kujua kuandika. Mtoto wa miaka minane akiwekewa mkeka, vifuniko na kikombe cha maharagwe, hatauliza kwanza jinsi ya kushinda. Atauliza punje hizi zinakwenda wapi, na nani amebaki kwenye mraba zilikotoka. Mwamuzi ajiandae kujibu.

Anayetaka kuendelea baada ya Tabora anaweza. Mwaka 1917 Wabeligiji waliombwa na Waingereza kurudi vitani, safari hii kuelekea kusini-mashariki, na tarehe 9 Oktoba wakaingia Mahenge. Makombania yalikuwa yale yale au karibu yale yale. Vifuniko vinaweza kubaki mezani. Maharagwe itabidi yahesabiwe upya, na sehemu kubwa yatatoka kwenye miraba mipya.